Kimya cha Sekunde Nne

Naomba nianze kwa kuipongeza Serikali, kwa sababu huku kwetu habari isiyoanza kwa pongezi huhesabiwa kuwa haijaanza. Jina la nchi sitalitaja. Kibali cha kutaja jina la nchi katika maandishi ya burudani huchukua siku arobaini, na mimi nimekwisha kustaafishwa, sina tena mtu wa kunisukumia faili. Ninyi wasomaji mna akili zenu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye chuo kikuu kimoja tu, ambacho kwa sababu hiyo ndicho bora kuliko vyote nchini.

Naitwa Ngwali. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa Kamati ya Kukagua Mizaha. Kamati ilihakikisha kwamba wananchi wanacheka vizuri, yaani kwa kiasi, kwa wakati uliopangwa, na bila kumlenga mtu. Mimi niliandika kila neno lililosemwa mbele ya Kamati, na nilipima muda kwa saa ya kupimia mbio, ambayo tuliiazima kwa watu wa michezo na hatukuirudisha. Wajumbe walikuwa wanaume saba, na Mwenyekiti wao alikuwa Mama Apolina Shuma. Kwa kuwa mwanamke alikuwa mmoja lakini amekaa mbele, tulitangaza kwamba usawa wa jinsia umefikiwa na kuzidi, tukaandaa hafla ndogo yenye soda.

Mama Apolina alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alikuwa mkavu, mwenye kalamu nyekundu, na hakuwa mtu wa kucheka. Watu walisema ndiyo maana alipewa cheo kile. Niliona mizaha mingi ikifia mikononi mwake, mingine ikiwa bado michanga, na sikumbuki hata mara moja akieleza kwa nini.

Jumatatu moja wakaja wanafunzi wawili na mswada. Msichana aliitwa Siwema, ana miaka ishirini na tatu, mdogo wa umbo, macho yake hayakai mahali pamoja. Mwenzake aliitwa Chande, kijana mrefu ambaye hata akisimama tu unatamani kucheka. Walikuwa na kikundi chao cha watu saba, na walitaka kuonyesha vichekesho vifupi vifupi kuhusu wanaume na wanawake na mambo yao ya kupendana, katika sherehe za Siku ya Wahitimu.

"Shikamoo, mzee," akasema Siwema.

"Marahaba. Mnataka kumchekesha nani?"

"Watu wote, mzee."

"Wote hairuhusiwi. Andikeni idadi."

Wakaandika mia sita, kufuatana na viti vya ukumbi wa chuo. Nikagonga mhuri. Walipoondoka nikafunga mlango, nikausoma mswada peke yangu, nikacheka mpaka miwani ikaanguka. Nasema hili leo kwa sababu haliwezi tena kunipunguzia cheo.

*

Kikao cha ukaguzi kilifanyika Alhamisi, wasanii wakiwa wamesimama na Kamati imekaa.

Kichekesho cha kwanza kilihusu kijana anayejitapa kwa rafiki zake kwamba mwanamume haingii jikoni. Ghafla mchumba wake anakuja kumtembelea, naye kwa kutaka sifa anajaribu kumpikia chai, anaunguza maji.

"Mwanamume wa nchi hii haunguzi maji," akasema Mjumbe wa Maadili.

"Mheshimiwa, ni mzaha tu," akasema Siwema.

"Hata kwa mzaha. Maji yaungue yenyewe."

Chande akanyoosha mkono. "Yenyewe, mheshimiwa? Yataunguaje?"

"Hiyo ni kazi yenu wasanii. Sisi hatuwezi kuwafanyia kila kitu."

Katika cha pili, msichana anamkataa mvulana. Mjumbe wa Takwimu alisikitika sana. Alisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za Taifa, tangu uhuru hakuna mvulana yeyote aliyekataliwa; kuna walioahirishwa. Katika cha tatu, kijana ameachwa, anampigia mama yake simu huku akilia. Kamati iliruhusu machozi kwa sharti kwamba yaletwe na vitunguu, na vitunguu hivyo vionyeshwe kwanza kwa hadhira ili kusiwe na hisia zisizo rasmi. Mwisho ikaamuliwa kwamba kila mzaha kuhusu wanaume ufidiwe na mizaha miwili kuhusu wanawake.

"Na wanawake watafidiwa na nini?" akauliza Siwema.

"Mwanamke hahitaji fidia, binti. Mwanamke ana heshima yake."

Nikaandika hayo yote. Mama Apolina aliendelea kukata kwa kalamu yake, mstari baada ya mstari.

Hapa lazima nieleze utaratibu mmoja, maana bila huo hamtaelewa yaliyotokea. Urefu wa onyesho lolote huku kwetu hupitishwa kwanza na Idara ya Muda, kabla mtu hajasoma hata neno. Onyesho hili lilikuwa limepitishwa kuwa la dakika tisini. Idara ya Muda ikishagonga mhuri, dakika haziongezwi wala hazipunguzwi, kwa kuwa tayari ni mali ya umma. Kwa hiyo kila sentensi inayokatwa huwekewa kimya cha urefu uleule. Msanii husimama kimya jukwaani mpaka muda wa sentensi uishe, halafu anaendelea na iliyobaki. Kazi ya kupima ilikuwa yangu: naisoma sentensi kwa sauti, nabonyeza saa, naandika sekunde pembeni. Tulikuwa tunajivunia sana utaratibu huo, na wageni kutoka nchi jirani walikuja kujifunza.

Kichekesho cha sita kiliitwa "Upungufu Mdogo". Ndicho kilichoiangusha miwani yangu. Profesa amekaa mezani. Mwanafunzi wa kike amesimama mbele yake na karatasi ya mtihani.

"Karatasi yako ina upungufu mdogo," anasema Profesa.

"Nionyeshe, Profesa, nirekebishe."

Profesa anavua miwani, anaifuta taratibu, anasema: "Kuna makosa hayasahihishwi ofisini, mwanangu."

Msichana anafikiri kidogo. Halafu anaanza kuihamisha ofisi. Anatoa kiti, anatoa mafaili, anatoa kalenda ya ukutani, na mwisho anaisukuma meza yenyewe, Profesa akiwa ameng'ang'ania upande wa pili, mpaka nje kwenye korido, walikopanga foleni wanafunzi wengine. Anahema, anaweka karatasi mezani, anasema: "Haya, Profesa. Ofisini tumeshatoka. Sahihisha."

"Meza ya ofisi ina namba," akasema Mjumbe wa Mali za Umma. "Haihami bila fomu."

Kwa hiyo meza haikuhama. Safari yake yote nikaipima, ikatoka dakika mbili na sekunde kumi za kimya. Sentensi ya msichana ya mwisho nayo ikakatwa, kwa kuwa huwezi kusema umetoka ofisini nawe umo. Maneno ya Profesa waheshimiwa waliyapenda. Mjumbe wa Maadili alisema yanaonyesha mwalimu anayejituma, asiyehesabu saa za kazi. Walikuwa wanataka yabaki.

Mama Apolina akayakata. Alikata bila kuangalia karatasi, na wino ukatokea upande wa pili.

"Mwenyekiti, sababu?" akauliza mmoja wao kwa upole.

"Inadharau ofisi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitoa sababu.

Nikaisoma sentensi kwa sauti, nikabonyeza saa. Sekunde nne.

Siwema akasogea hatua moja. "Mama, kata mengine yote. Kata hata kichekesho cha kwanza mpaka cha tano. Hiyo moja niachie, nakuomba."

"Kwa nini hiyo?"

"Kwa sababu ndiyo ya kweli."

"Kweli haimo kwenye fomu ya maombi," akasema Mjumbe wa Takwimu, akiwa amekwisha kuipekua fomu yote.

Mama Apolina alikuwa anafunika kalamu yake. "Kikao kimefungwa," akasema.

*

Kesho yake Siwema alikuja ofisini kwangu peke yake. Nilimpa kiti. Alikaa pembeni kabisa mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Mzee," akasema, "kwenye mchezo nimeibeba meza. Siku yenyewe sikubeba kitu. Niliacha hata mwavuli wangu."

"Siku gani, mwanangu?"

Nilimwona akishtuka kwa neno hilo, na mimi mjinga nikadhani ni baridi. Aliinua kidevu kuelekea ukutani kwangu, ambako palikuwa na bango la Siku ya Wahitimu, lenye picha kubwa ya mgeni wa heshima: Profesa Kilindo, miaka thelathini ya utumishi uliotukuka, Mlezi wa Wanafunzi wa Kike.

Hapo nikaelewa. Nilimuuliza kama aliripoti. Akaniambia, bila hasira, kwamba malalamiko ya wanafunzi wa kike hupelekwa kwa Mlezi wa Wanafunzi wa Kike. Nilikuwa nalijua hilo. Ile kanuni niliipiga chapa mimi.

"Nilikimbia," akasema. "Matokeo yalipotoka, nikawa nimefeli somo lake. Nimerudia mwaka mzima. Nyumbani wanajua ni uvivu. Baba yangu aliuza shamba la mihogo nisome, mzee. Mpaka leo akinisalimia hanitazami."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka isemwe. Mara moja tu, mbele za watu, naye akiwa amekaa pale anasikia. Wacheke wakitaka. Kuna jambo jingine gani ninaloweza kufanya?"

"Unadhani wapo wengine?"

Akatikisa kichwa. "Sidhani. Ni mimi tu. Siku ile nilivaa blauzi ya dada yangu, ilikuwa inabana. Huwa nafikiri labda ni ile blauzi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtoto yule. Nina mabinti wawili. Nilipaswa kusimama, kumshika mkono, kwenda naye mahali fulani na kupiga kelele mpaka mtu atoke. Badala yake nilimwambia kwamba fomu ya rufaa hutolewa Alhamisi, na kwamba Alhamisi inayofuata itakuwa sikukuu. Naona haya kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyosema. Alinishukuru, akaniaga kwa adabu zote.

*

Siku ya Wahitimu ukumbi ulijaa. Walialikwa waliosoma chuoni kwa miaka yote thelathini ya Profesa Kilindo, wakaja kutoka kila mkoa: walimu, wauguzi, mabwana shamba, wake wa wakubwa na wakubwa wenyewe. Profesa alikaa safu ya mbele kwenye kiti chenye mikono, shada la maua shingoni, mwenye mvi nzuri na sura ya babu yeyote mwema.

Mheshimiwa Waziri alisema maneno machache kwa muda wa saa moja na robo. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna walimu wanaofundisha somo, na kuna walimu wanaofundisha maisha. Namwambia Profesa Kilindo leo, mbele yenu: mabinti wa taifa hili hawatakusahau kamwe!" Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya jukwaa na saa yangu, na sasa kwa kuwa najua, naweza kusema kwamba makofi yale yalikuwa ya upande mmoja, wa wanaume. Siku ile sikuyatilia maanani.

Onyesho likaanza. Maji yaliungua yenyewe: walitumia kamba na moshi wa ubani, na Chande akayatazama kwa mshangao wa raia mwema. Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Kilipofika kimya cha kwanza, cha sekunde thelathini, nusu ya ukumbi ilisimama ikidhani kuna kiongozi amefariki. Ikabidi nitoke nikatangaze kwamba hakuna aliyefariki, ni utaratibu tu. Vitunguu vilionyeshwa. Kijana akalia. Safu ya nyuma mtu akalia kweli, akatolewa nje kwa kukosa kitunguu.

Kikafika cha sita. Chande amekaa mezani na miwani, Siwema amesimama na karatasi.

"Karatasi yako ina upungufu mdogo."

"Nionyeshe, Profesa, nirekebishe."

Chande akavua miwani. Akaifuta taratibu. Akafungua kinywa, akakifunga, kama alivyoelekezwa. Nikabonyeza saa.

Sekunde ya kwanza ikapita. Ya pili ilipoingia, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa, si kubwa, kama mtu anayeitika jina lake darasani:

"Kuna makosa hayasahihishwi ofisini, mwanangu."

Kabla hajamaliza, mwingine alikuwa ameanza katikati ya ukumbi. Halafu wawili kushoto. Halafu safu nzima ya wauguzi. Haikuwa kiitikio, hawakuwa wameelewana, kila mmoja alisema kwa mwendo wake, wengine wakiwa wamefumba macho. Lakini wote walipumzika kidogo mahali pamoja, kabla ya neno la mwisho, na wote walilisema neno hilo la mwisho kwa upole uleule. Katika mswada hakukuwa na alama yoyote ya kupumzika pale. Mimi niliusoma mara nyingi, na pumziko lile sikuwahi kulisikia.

Profesa Kilindo aligeuka nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Nilimtazama Siwema. Nilitegemea kuona furaha, maana jambo lake lilikuwa limesemwa, mbele za watu, naye akiwa amekaa pale. Msichana alikuwa ameziba mdomo kwa karatasi ya mtihani. Macho yake yalikuwa yanakimbia safu kwa safu, na nikajua kwamba anahesabu. Alifika mahali akaacha, akakaa chini pale pale jukwaani.

Kikafuata kile kimya kingine, cha safari ya meza. Hakuna aliyetikisika. Mia sita tulikuwa tunatazama shingo ya mtu mmoja mwenye shada la maua. Afisa wa polisi akaninyemelea.

"Mzee, zima hii kitu!"

"Siwezi, afande. Kimepitishwa."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Dakika moja na sekunde hamsini. Kina mhuri."

Akakitazama kile cheti cha Idara ya Muda, akautazama mhuri, akavua kofia, akasimama kando yangu kungoja. Sijapata kuona dakika mbili ndefu namna ile, na nimehudhuria mazishi mengi.

*

Serikali haikulala. Jumatatu ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kuvuja kwa Mswada. Hoja ilikuwa nyepesi: sentensi ilikatwa na Kamati, haikuchapwa popote, na walioijua ni wanakikundi, wajumbe na karani. Sasa umati ule wa wanawake uliipata wapi? Mwenyekiti wa Tume akateuliwa Mama Apolina, wajumbe wakawa walewale saba, na karani nikawa mimi, ingawa nilikuwa pia mtuhumiwa. Watu wa kuandika vizuri ni wachache.

Tuliwaita wanawake arobaini. Walikuja mia mbili na kumi na watatu. Walipanga foleni nje kufuata mwaka wa kujiunga na chuo, bila kuambiwa na mtu, wakaingia mmoja mmoja kwa siku nne.

"Nani alikupa sentensi hii?" wajumbe waliuliza.

"Profesa Kilindo."

"Lini?"

"Mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Ilikuwa Jumanne."

"Mwaka gani huo?"

Anautaja. Nami kwa maelekezo ya Mjumbe wa Takwimu naandika: Shahidi anadai alivujishiwa mswada miaka kumi na minne kabla haujaandikwa.

Mmoja alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Mwingine aliacha chuo wiki ileile, anauza vitenge. Mwingine aliulizwa kama naye alikimbia ofisini siku hiyo, akamtazama muulizaji kwa muda mrefu, akasema, "Wewe andika tu kwamba nilifaulu." Nikaandika. Jioni ile nilishindwa kula, mke wangu akadhani nina malaria.

Matokeo ya Tume mliyasoma magazetini. Ilibainika kwamba mswada ulianza kuvuja miaka ishirini na tisa kabla ya kuandikwa, jambo linaloonyesha uzembe mkubwa wa mwandishi katika kuutunza. Siwema akasimamishwa masomo. Profesa Kilindo, ambaye jina lake lilitajwa mara mia mbili na kumi na tatu mbele ya chombo cha Serikali, alionekana kuwa mtu anayefahamika sana na wahitimu, akapandishwa kuwa Mlezi Mkuu. Mimi nikastaafishwa kwa sababu ya umri, ambao walinihesabia upya.

Ukurasa wa mwisho wa kumbukumbu haukuchapwa magazetini. Niliuandika mwenyewe, siku ya nne, saa kumi alasiri.

Shahidi wa mwisho alikuwa Siwema. Kanuni inataka mtuhumiwa asomewe majina ya walioguswa na kosa lake, aseme kama anawafahamu. Nikamsomea mia mbili na kumi na tatu, kuanzia yule wa miaka ishirini na tisa iliyopita mpaka binti wa mwaka wa kwanza aliyeingia mwezi Machi. Ilichukua muda. Alisikiliza yote amesimama.

"Unawafahamu?" akauliza Mjumbe wa Maadili.

"Simfahamu hata mmoja."

"Kwa hiyo umefurahi, kuona umepata umati?"

"Hapana," akasema Siwema. "Miaka yote hii nilikuwa najiambia ni mimi tu. Niliona ni afadhali. Kama ni mimi tu, basi kosa ni langu, ni blauzi, ni bahati mbaya, lakini duniani kwingine mambo ni mazima. Sasa nitajiambia nini?"

Wajumbe walitazama saa zao. Mjumbe wa Mali za Umma akaanza kukusanya makaratasi.

"Ngwali," akasema Mama Apolina, "hesabu haijatimia."

"Nimehesabu mara mbili, Mama. Mia mbili na kumi na watatu."

"Haijatimia."

Akanyoosha mkono juu ya meza, akaichukua kalamu yangu, hii ya kawaida ya buluu. Akavuta orodha. Juu ya jina la kwanza palikuwa na nafasi ndogo, akaandika hapo, polepole. Hakutupa sisi tusome. Aliigeuza karatasi, akaisukuma upande wa Siwema.

Siwema alisoma jina. Kisha akasoma mwaka. Ulikuwa, kama nilivyouona baadaye, mwaka wa kwanza wa Profesa Kilindo chuoni. Alimtazama yule mama mkavu, mwenye cheo, aliyekuwa na kalamu mkononi miaka yote hiyo, na mimi nikaogopa atakachosema, kwa kuwa lolote ambalo angesema lingekuwa haki yake.

"Mama," akasema, "mwaka huo mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Najua," akajibu Mama Apolina. "Nilikuwa na umri wako."

Nikayaandika hayo nayo, kama kanuni inavyotaka, kisha nikaweka kalamu chini, kwa sababu fomu yetu haina mahali pa kuandika kilio.